Maswali ya Wasomaji: Makala 14, Mbona Google Hainioni?

Mwezi huu karibu barua zote zilizonifikia ni za watu wanaoanza kublogu, na nyingi zimetoka huku kwetu nyanda za juu kusini. Kwa wanaosoma safu hii kwa mara ya kwanza: kuanzia 2005 hadi 2014 nilikuwa na kafe ya intaneti pale Mafiati, Mbeya. Kompyuta nane, nusu saa shilingi 500. Wateja wangu wengi hawakuzoea kompyuta, kwa hiyo nilisimama nyuma ya viti vyao, wakati mwingine nikiwaandikia mwenyewe kile wanachotaka kutafuta.

Siku moja aliingia mama kutoka Inyala, kitenge kimelowa mvua, kuku wake wanakufa. Akaniambia, "Mwanangu, andika hapo: kuku wanasinzia na kuharisha kijani." Nikaandika vilevile. Hakikuja cha maana. Nikaandika "kideri", kikaja kidogo. Nikaandika "mdondo", hivyo hivyo. Nilipoandika "Newcastle" zikamiminika kurasa, karibu zote za Kiingereza. Maarifa aliyoyahitaji yalikuwepo muda wote, ila waliyaandika watu wanaojua jina la ugonjwa, na yeye mkononi alikuwa na dalili tu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza namna ya kuonekana Google, namkumbuka yule mama kwanza, ndipo nafikiria mitambo. Mtamkuta tena humu ndani.

*

"Shikamoo mama. Nina blogu ya kilimo cha parachichi, nipo Tukuyu. Tangu Februari nimeandika makala 14. Nikitafuta kwa simu yangu naiona blogu, lakini mdogo wangu aliyeko Dodoma akitafuta haioni. Mtu mmoja kaniambia Google wanataka ulipie ndipo wakuweke. Ni kweli?" – Mkulima, Tukuyu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Si kweli. Kwenye matokeo ya kawaida Google hawapokei hela ya mtu ili kumweka wala kumpandisha. Kinacholipiwa ni matangazo, na hayo huwekewa alama kwamba yamedhaminiwa. Usitoe hata shilingi.

Tuanze kwa kujua kama wanaifahamu blogu yako. Fungua Google, andika neno site, weka nukta pacha (:), kisha anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako, wanakufahamu. Isipotokea hata moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba bado hujaingia kwenye vitabu vyao. Hilo la kuiona kwenye simu yako mwenyewe lisikupe moyo sana: simu inakumbuka ulikopita, na pengine inakupeleka moja kwa moja bila hata kuuliza. Tafuta ukiwa kwenye hali fiche (incognito), ambapo kivinjari hakitumii kumbukumbu za ulikopita, au azima simu ya jirani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Google wana roboti wanaloliita Googlebot. Linatembea mtandaoni kama karani wa sensa, linatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo, yale maneno ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine. Linachokikuta linakisoma, na kile kinachofaa kinaandikwa kwenye faharasa kubwa. Mtu akiuliza swali, Google hawazunguki dunia nzima wakati ule. Wanafungua faharasa yao na kupanga kilichomo. Kwa hiyo kuna mambo matatu tofauti: kufikiwa, kuandikwa, na kupangwa juu au chini. Watu wengi wanalalamika kuhusu la tatu wakati bado hawajavuka la kwanza. Blogu mpya ambayo hakuna tovuti yoyote iliyoitaja ni kama nyumba iliyojengwa nyuma ya mgomba bila njia. Karani atapita barabarani na hatajua kama kuna watu.

Njia unaichonga wewe. Jiandikishe Google Search Console, chombo chao kwa ajili ya wenye tovuti, ni bure. Utathibitisha kwamba blogu ni yako, kisha utawasilisha ramani ya tovuti, faili ambalo WordPress na Blogger, mitambo ya kutengenezea blogu, hulitengeneza zenyewe na mara nyingi huitwa sitemap.xml. Humo ndani pia kuna sehemu ya kukagua anwani ya ukurasa mmoja mmoja: unaibandika, wanakuambia kama ukurasa umo kwenye faharasa na kama haumo ni kwa nini, na kuna kitufe cha kuomba uingizwe.

Halafu angalia tiki moja ndogo ambayo imewatesa wengi. Kwenye WordPress, ukiingia mipangilio, sehemu ya usomaji, kuna kisanduku cha kuziambia injini za utafutaji zisiiandike tovuti. Watu hukitiki wakati wanatengeneza blogu ili isionekane ikiwa nusu, halafu wanasahau. Kijana mmoja wa Uyole aliniletea kompyuta yake mpakato mwaka jana, ameandika miezi mitano mfululizo huku mlango ameufunga kwa mkono wake mwenyewe. Blogger nayo ina swichi ya namna hiyo kwenye sehemu ya faragha. Angalia leo.

Jambo la mwisho kwako: nimepitia makala zako zote 14 na hakuna hata moja inayomtaja mwenzake. Ile ya kuchagua miche inazungumzia kubebesha, na unayo makala nzima ya kubebesha, lakini msomaji hana pa kubofya. Weka viungo kati ya makala zako. Wala usiandike "bofya hapa". Ufanye kiungo kwenye maneno yenyewe, kama vile "jinsi ya kubebesha mche wa parachichi", kwa sababu msomaji na roboti wote wanasoma maneno hayo ili kujua wanakokwenda. Baada ya hapo vuta subira. Kuingia kwenye faharasa kunaweza kuchukua siku kadhaa au wiki chache. Kupanda juu ni suala la miezi.

*

"Kamwene, binti yangu. Nimestaafu ualimu, sasa naandika kuhusu maeneo ya kale ya Iringa: Isimila, Kalenga, Gangilonga. Makala ninayoipenda kuliko zote ni ya Isimila, nimeiita 'Pale Mawe Yanaposimulia'. Imesomwa na watu tisa. Mjukuu wangu anasema nirudie neno Iringa mara 20 katika kila makala na chini nijaze orodha ya maneno muhimu. Moyo wangu unasita. Tena niambie, niandike Kiswahili au Kiingereza?" – Mwalimu mstaafu, Iringa

Kamwene, na shikamoo Mwalimu. Moyo wako umesita kwa haki. Kurudiarudia neno ili kuihadaa injini kumo kwenye orodha ya mambo ambayo Google wameyakataza waziwazi, na kabla ya Google msomaji ndiye atakayechoka. Ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa nayo ni ushauri wa zamani: Google walitangaza tangu 2009 kwamba hawaitazami wakati wa kupanga matokeo. Mjukuu hana kosa, ushauri huo bado unazunguka.

Tuje kwenye kichwa cha makala. Nimekisoma na nimekipenda, maana Isimila mawe yanasimulia kweli. Lakini njoo usimame nami pale kafe, nyuma ya viti. Nani anakaa kwenye kompyuta akitafuta Isimila? Kwanza ni mwanafunzi wa sekondari mwenye kazi ya historia. Anaandika "zana za mawe Isimila". Wa pili ni mtu wa Dar es Salaam anayekuja Iringa harusini, ana Jumapili nzima ya kupoteza. Anaandika "sehemu za kutembelea Iringa". Wa tatu tayari ameamua kwenda na anaandika "Isimila ni kilomita ngapi kutoka Iringa mjini". Wote watatu wanakuhitaji wewe hasa, Mwalimu, na hakuna hata mmoja atakayeandika "pale mawe yanaposimulia". Ni yule mama wa kuku tena.

Mimi ningekiita hivi: "Isimila, Iringa: nguzo za mawe na jinsi ya kufika". Hizo ni herufi 49 ukihesabu na nafasi. Kichwa kikizidi kama 60 hivi, mara nyingi kinakatwa mkia kwenye matokeo, ndiyo maana jina la mahali linatangulia. "Pale Mawe Yanaposimulia" usilitupe. Lifanye kichwa kidogo ndani ya makala, pale unapoanza kueleza nguzo zenyewe, ambapo msomaji ameshafika na ana masikio ya kusikia.

Aya yako ya kwanza sasa inaanza na umande wa asubuhi na ndege. Naomba isogee chini kidogo. Mstari wa kwanza useme Isimila ni nini na iko wapi: eneo la zana za mawe za kale, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya kuelekea Mbeya. Umande ufuate. Fanya hivyo pia kwenye makala ya Kalenga. Umeeleza maisha ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, vizuri sana, lakini mwanafunzi anayeuliza fuvu lake lilirudishwa lini analazimika kusoma aya kumi na moja ndipo akutane na mwaka. Weka kichwa kidogo chenye swali hilohilo, "Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka gani?", na chini yake sentensi moja: lilirudishwa 1954 na limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga. Halafu endelea na simulizi kwa nafasi yako. Aliyekuja kwa haraka ameondoka na jibu, na wengi wakilipata jibu upesi hukaa kusoma na yaliyobaki.

Anwani ya ukurasa nayo, kwa sasa ni tarehe na namba ndefu. Kwa makala mpya iandike fupi yenye maneno yanayosomeka, yametenganishwa kwa vistari, kwa mfano isimila-iringa. Zile za zamani ziache kama zilivyo, kwa sababu ukibadilisha anwani bila kuelekeza ya zamani kwenye mpya, aliyekuwa na kiungo chako atakuta pamefungwa. Yale maelezo mafupi ya ukurasa, yanayoweza kutokea chini ya kichwa kwenye matokeo, yaandike kwa sentensi moja au mbili za kumwambia mtu atakachokipata. Google si lazima wayatumie, mara nyingi wanachota sentensi nyingine ndani ya makala, ila wakiyatumia ni vizuri yawe yako.

Sasa maneno yenyewe, na hapa naomba na wasomaji wengine wasogee. Ushauri mwingi wa SEO, yaani wa kuonekana kwenye injini za utafutaji, umeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kina mambo yake. Kitu kimoja kina majina mengi kufuatana na mahali. Huku Mbeya tunasema viazi mviringo, wengine wanasema viazi ulaya, Zanzibar ukisema mbatata ndipo unaeleweka. Parachichi letu, Mkenya anaweza kuliandika avokado. Kideri na mdondo ni ugonjwa mmoja. Halafu maneno yetu yanabadilika sana kichwani, si mkiani tu: kulima, kilimo, mkulima, ninalima, yote mzizi wake mmoja, na anayetafuta anaandika lolote kati ya hayo. Huwezi kuwa na ukurasa kwa kila neno, na hupaswi. Unachofanya ni kuchagua jina linalotumiwa zaidi na watu unaowaandikia, hilo linaingia kwenye kichwa, na majina mengine unayataja mwanzoni kama mtu anavyoongea: "viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya au mbatata". Mara moja inatosha.

Kuyapata maneno ya watu si kazi ya gharama. Andika mwanzo wa swali kwenye kisanduku cha Google, kisha usimame. "Kilimo cha..." "Dalili za..." "Bei ya..." "Tofauti ya..." Yale yanayojitokeza chini yametokana na yale ambayo watu wamekuwa wakiyatafuta. Baada ya miezi miwili mitatu Search Console nayo itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea, hata kama hawakuubofya. Orodha hiyo ni mali, Mwalimu. Mimi huisoma kila Jumamosi nikiwa na daftari. Utakuta swali ambalo hukuwahi kufikiria kulijibu, na hiyo ndiyo makala yako ya wiki inayofuata. Njia nyingine ni ya zamani zaidi: sikiliza maswali ya wageni wako pale Gangilonga, uyaandike kwa maneno yao, pamoja na makosa yao.

Kiswahili au Kiingereza? Inategemea anayeuliza. Mgeni anayetoka Ulaya kwenda Hifadhi ya Ruaha hawezi kutafuta kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kilolo na mgeni wa harusi watatafuta kwa Kiswahili, na nimeona mara nyingi kwamba maswali ya Kiswahili hayana hata ukurasa mmoja wenye jibu la kutosha. Anzia hapo, kwenye lugha unayoimudu hadi kwenye mifupa. Ukitaka na Kiingereza, fanya ukurasa wake kamili, uuunganishe na ule wa Kiswahili. Usichanganye aya ya lugha hii na aya ya lugha ile kwenye ukurasa mmoja, maana Google wanaitambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana. Na usimwachie mtambo wa kutafsiri afanye kazi halafu uchapishe bila kusoma. Wewe ni mwalimu, ungeumia kuona Gangilonga, jiwe linaloongea la Wahehe, limegeuzwa kuwa kitu kingine.

*

"Mama shikamoo. Blogu yangu ni ya ufugaji nyuki, nina picha nzuri sana za mizinga, lakini watu wanasema haifunguki haraka. Hili linaathiri Google?" – Mfuga nyuki, Mafinga

Marahaba. Linaathiri, na linamla msomaji wako bando. Nimefungua ukurasa wako mmoja: una picha tisa, kila moja zaidi ya megabaiti 4, kama zilivyotoka kwenye kamera. Zipunguze upana hadi kama pikseli 1200 na ukubwa ushuke chini ya kilobaiti 200; zikiwa za WebP, aina ya faili la picha, ni nyepesi zaidi. Google wanalenga sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na wanaupima kwa sura yake ya kwenye simu. Kuna chombo chao cha bure, PageSpeed Insights, kitakachokuonyesha kinacholemea. Faili liite mizinga-ya-nyuki-mafinga badala ya namba za kamera, na pale penye maandishi mbadala ya picha eleza kinachoonekana, kama unamsimulia mtu asiyeona. Wapo wasomaji wasioona wanaosomewa maandishi hayo na simu zao, na hao wanatosha kuwa sababu.

*

"Dada yangu, habari za kazi. Nina blogu ya mapishi, naishi Mbalizi. Kuna mtu kanipigia, anataka laki tatu na nusu aniwekee viungo 500 na kunihakikishia ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya mwezi. Mume wangu amekubali kutoa. Nitoe?" – Mama wa mapishi, Mbalizi

Nzuri dada, asante. Usitoe. Naomba umsomee na shemeji hapa.

Mwaka 2013 nilikuwa na blogu ndogo ya kafe yangu, nikieleza mambo ya kompyuta kwa Kiswahili. Ilikuwa inapata watu polepole. Akaja mtu na maneno hayohayo, nikampa laki mbili, hela niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kubadilisha kompyuta mbili zilizochoka. Viungo alileta kweli, mamia. Vilitoka kwenye kurasa za kamari, za dawa, za lugha nisizozijua, vimebandikwa chini kabisa ambako hakuna binadamu anayesoma. Wiki chache nilipanda. Kisha nikashuka hadi nikitafuta jina la kafe yangu mwenyewe silioni. Yule mtu simu yake haikupatikana tena. Ilinichukua zaidi ya mwaka kusafisha, na makala nyingine nilizianza upya kwenye anwani mpya. Nimebeba uchungu huo hadi leo, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Sababu yake ni hii. Google ilipoanzishwa 1998, waanzilishi wake Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wazo lao kubwa lilikuwa kuhesabu viungo kama ushuhuda. Ukurasa fulani ukiutaja wako, umekutolea ushuhuda. Ushuhuda wa anayeheshimiwa una uzito kuliko wa asiyejulikana, kama vile barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji inavyotofautiana na karatasi uliyoandikiwa na mpita njia stendi. Watu walipoona hivyo wakaanza kuuza barua. Google wakaanza kuwakamata; badiliko lao kubwa la 2012, waliloliita Penguin, lililenga hasa viungo vya kununua na vya kutengeneza. Siku hizi mitambo yao mara nyingi huvipuuza tu viungo hivyo, maana yake laki tatu na nusu imekwenda bure. Ikiwa mbaya zaidi unaadhibiwa. Na kuhusu kuhakikishiwa: Google wenyewe wameandika kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza.

Viungo vya kweli vinakuja kwa kuwa na kitu ambacho mwingine anakihitaji. Nimeona makala yako ya wali. Umeandika "weka maji ya kutosha". Dada, hapo ndipo hazina yako ilipozikwa! Wewe unaijua tofauti ya mchele mpya wa Kyela na ule uliokaa ghalani, na wa Mbarali unavyokunywa maji. Pima kwa kikombe. Andika kikombe kimoja cha mchele huu maji vikombe vingapi, cha ule vingapi, moto wa mkaa na moto wa gesi, na picha ya kila chungu kilipoiva. Fanya vivyo hivyo kwa ndizi za Tukuyu: zipi za kupika na nyama, zipi za kuchoma. Ukurasa wa namna hiyo mwenye duka la mchele ataupenda kuuweka kwenye tovuti yake, mwandishi mwingine wa mapishi atautaja, redio ya mkoani inaweza kukuita na kuweka anwani yako kwenye tovuti yao. Viungo vitano vya namna hiyo navichukua mbele ya 500 vyako.

Kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook endelea nako. Usikuhesabu kama viungo vya kukupandisha. Kunaleta wasomaji, na kati yao ndimo wanamotoka watu wenye tovuti. Hiyo laki tatu na nusu mwambie shemeji inunue mzani wa jikoni na taa ya kupigia picha, na itabaki.

*

"Mama, naandika bei za mazao, nipo Makambako. Akili mnemba inaweza kunitengenezea makala 100 kwa wiki. Google watanikataa?" – Kijana wa mazao, Makambako

Google hawajakataza chombo. Walichokataza, kwa sera waliyoitangaza Machi 2024, ni kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mtambo. Kurasa 100 kwa wiki kutoka kwa mtu mmoja, sioni utakavyozisoma, achilia mbali kuzihakiki. Na Desemba 2022 waliongeza neno uzoefu kwenye mwongozo wanaowapa wakaguzi wa ubora: je, mwandishi amekifanya mwenyewe, amekigusa, amefika?

Wewe umefika. Kila siku uko sokoni. Mtambo unaweza kukusaidia kupanga vichwa au kusahihisha herufi, sina ugomvi na hilo, lakini haujasimama Makambako saa kumi na moja alfajiri gari la viazi likishusha. Bei iliyokosewa inamtia hasara mkulima anayeamini ulichoandika, akapakia mzigo wake kwa sababu yako. Hilo linaniuma zaidi ya Google. Na kwa vile unakaribia kuandika habari, sio mafunzo tu, pita kwanza kwenye kanuni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, za maudhui ya mtandaoni ujue kama unahitaji leseni.

Anza na makala moja. Watu wanasema "lumbesa", gunia lililojazwa kupita kipimo, kila siku, wanabishana juu yake, wanadhulumiwa kwayo. Nenda na mzani. Pima gunia la viazi lililofungwa sawa, pima na lumbesa, viazi vya shamba lilelile. Piga picha namba za mzani, andika tarehe na soko. Kichwa kiwe swali ambalo mkulima angeuliza: "Lumbesa ya viazi ina kilo ngapi?" Jibu lako liwe mstari wa kwanza, kisha eleza ulivyopima. Soko likibadilika rudi upime tena, usahihishe ukurasa uleule badala ya kuandika mwingine. Nitumie rasimu kabla hujaichapisha. Nitaisoma Jumamosi hii nikiwa na daftari langu.